Wosia Hausimami Peke Yake

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo aghalabu watu hulikwepa kwa kudhani kwamba kulitaja ni kukipigia hodi kifo, nalo ni jambo la mwenye mali kumwachia mali yake, au sehemu ya mali hiyo, jamaa aliyemchagua mwenyewe kwa hiari na akili timamu. Sikusudii kusema sana juu ya mtoto wa kiume wa kwanza, wala juu ya wale ambao mila na sheria zimekwisha kuwapangia mafungu yao. Nakusudia kusema juu ya jamaa yule ambaye daraja lake katika mirathi ni la chini, au halipo kabisa, ilhali machoni pa mwenye mali yeye ndiye aliyestahili kuliko wengi: mpwa aliyeuguza, mjukuu yatima, binti aliyeachika akarudi kwao, au mwana wa ndugu aliyelelewa nyumbani tangu utoto wake.

Natupige mfano, na mfano huu hauna mwenyewe, ila kila kijiji kinao wa kwake. Mzee mmoja alihamia wilayani Mlele, hapa mkoani kwetu Katavi, kutafuta ardhi ya kulima tumbaku, akapewa pori na serikali ya kijiji, akalifyeka, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma na bani la kukaushia majani. Mkewe ametangulia mbele ya haki. Wanawe wawili wa kiume wako mbali, mmoja Mwanza na mwenzake Dar es Salaam, na sauti zao husikika kwa simu siku za sikukuu. Anayekaa naye ni binti wa dada yake. Binti huyo ndiye amchemshiaye uji, ndiye ampakiaye kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, na msimu wa mavuno ndiye akeshaye mlangoni mwa bani akichochea moto kwa kiasi, kwa kuwa ukizidi majani huungua na ukipungua huoza, na kazi ya mwaka mzima hupotea kwa usingizi wa saa moja. Mzee hachoki kusema mbele ya majirani wanaopita, "Shamba hili ni la mwanangu huyu," na majirani huitikia kwa kuwa wanaona kwa macho yao kwamba asemayo ni haki. Siku mzee atakapofariki, wasikilizaji wangu, maneno hayo yote yatakuwa na uzito gani mbele ya sheria?

Hayatakuwa na uzito wowote. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru wa Tanganyika, ilitolewa amri iliyoandika sheria za mila za makabila yahesabuyo ukoo kwa upande wa baba, nayo hujulikana mahakamani kwa namba ya tangazo lake, Tangazo la Serikali namba 436. Kazi ya kuzikusanya mila hizo ilikuwa ya Hans Cory, mtaalamu aliyefanya kazi serikalini tangu zama za Waingereza, akikaa na wazee wa makabila mbalimbali na kuandika waliyomweleza. Kwa amri hiyo warithi wamepangwa katika madaraja matatu: la kwanza ni la mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, la pili ni la watoto wengine wa kiume, na la tatu ni la watoto wa kike. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto hakupangiwa fungu, ila ameachwa atunzwe na watoto hao. Mtoto wa dada hatajwi maadamu watoto wa marehemu wapo. Kwa hiyo wale vijana wawili watashuka kwenye basi, watamzika baba yao, na baada ya kuanua tanga watakuwa na haki ya kumwambia binti yule afungashe vitu vyake, na majirani walioitikia miaka yote watatazama wasijue la kusema.

Lakini amri ile ile iliyomsahau mpwa ilimpa mwenye mali njia ya kumkumbuka, na njia hiyo ni wosia. Mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kutoa wosia, na wosia uko wa namna mbili, wa mdomo na wa maandishi. Wosia wa mdomo hushuhudiwa na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi, kama mwenyewe anajua kusoma na kuandika, hushuhudiwa na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Na kama hajui, mashahidi huwa wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, nao mashahidi hao wawe wanajua kusoma na kuandika. Mke au wake waliopo nyumbani wakati huo hushuhudia pia, juu ya mashahidi hao. Uandikwe kwa wino, utiwe tarehe, na utiwe sahihi au alama ya kidole. Tena anayerithi asiwe shahidi, kwa kuwa shahidi mwenye fungu hujishuhudia mwenyewe. Mwasikia, basi, kwa nini maneno ya mzee yule kwa wapita njia hayakuwa wosia: waliyasikia kwa bahati, hapana aliyeitwa kushuhudia, na hapana aliyejua kwamba siku hiyo alikuwa amebebeshwa amana.

Fauka ya hayo, amri hiyo ina kanuni moja ambayo kila anayetaka kumpendelea jamaa mmoja yampasa aifahamu. Mwenye wosia akikusudia kumnyima kabisa mrithi wake halali, yampasa aseme waziwazi kwamba anamnyima, na aseme kwa sababu gani. Na sababu zinazokubaliwa ni nzito: kwamba mrithi amezini na mke wa mwenye wosia, au amejaribu kumwua, au amemshambulia au kumdhuru vibaya yeye au mama yake, au ameacha kumtunza katika maradhi au njaa bila udhuru, au ameharibu mali yake. Tena huyo anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea, mbele ya mwenye wosia mwenyewe au mbele ya baraza la ukoo. Wosia unaompita mrithi kimyakimya kana kwamba hakuzaliwa waweza kutanguliwa, na mali ikagawiwa kana kwamba wosia haukuandikwa.

Tazameni basi jinsi ambavyo mzee huyo angelifanya jambo hili vema. Ni mchana, nje ya nyumba, na mzee ameketi kwenye kiti cha kamba mbele ya meza iliyoazimwa shuleni. Mwandishi, tuseme mwalimu mstaafu, anaandika kwa kalamu ya wino, naye mzee anatamka jambo moja baada ya jingine: ekari nne zilizopakana na kijito, kuanzia mwembe hadi jiwe la mpaka, ni za binti wa dada yangu kwa kuwa ameniuguza, nyumba, bani na ekari zilizosalia ni za wanangu wawili, plau ni ya wote watatu, wapokezane. Kila fungu likiisha mwandishi hulisoma kwa sauti, na mzee huitikia, au husema, "Hapana, futa hapo," na palipofutwa hutiwa sahihi pembeni ili mtu asije akasema kwamba pamefutwa na mkono mwingine. Kwa kuwa mzee hajui kuandika, kidole gumba chake hugandamizwa kwenye kidau cha wino kilicholetwa na mtendaji wa kijiji, kisha chini ya maandishi, mpaka mistari ya ngozi yake ionekane yote. Mashahidi wanne nao huandika majina yao kamili, kila mmoja mahali akaapo na namna anavyohusiana naye. Shughuli nzima haifiki saa mbili, na hapana aliyenyang'anywa kitu: wana wamepata, na mpwa amepata.

Sasa niruhusuni niwachukue mbali kidogo, na sababu ya safari hiyo iko katika mabani yetu wenyewe. Tumbaku ambayo wakulima wa Mlele na Mpanda huikausha kwa mvuke ni ya aina iitwayo Virginia, na Virginia ni jimbo la Marekani ambako tumbaku ndiyo iliyojenga mashamba makubwa ya wakoloni wa Kiingereza. Huko nako, mwenye ardhi akifa bila wosia, ardhi yake yote ilimwendea mtoto wa kiume wa kwanza peke yake, mpaka desturi hiyo ilipofutwa mwaka 1785 kwa sheria ambayo Thomas Jefferson aliipigania. Katika jimbo hilo aliishi mkulima mmoja aliyeanza kwa tumbaku kisha akageukia ngano, naye ni George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, ambaye pamoja na utukufu wake wote hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Tarehe 9 Julai 1799, nyumbani kwake Mount Vernon, aliandika wosia kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe 14 Desemba mwaka huo akafariki.

Mali yake nyingi aliiweka kwanza mikononi mwa mkewe Martha aitumie maisha yake yote. Na baada ya Martha, nyumba ya Mount Vernon pamoja na ardhi ya ekari zaidi ya 4,000 imwendee Bushrod Washington, mwana wa ndugu yake, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya nchi yao. Lililonivutia mimi ni kwamba alitaja sababu. Aliandika kwamba zamani, yeye na nduguye wangali makapera, alipokwenda vitani akamwachia nduguye kusimamia shamba, alimdokeza kwamba akifa vitani shamba litakuwa lake. Vita vilikwisha, akarudi salama, ahadi ikawa haina tena nguvu ya kumfunga. Hata hivyo miaka zaidi ya 40 baadaye, nduguye akiwa amekwisha kufa, aliilipa kwa mtoto wake. Hiyo ndiyo shukrani aliyokuwa nayo mzee wetu wa Mlele kwa binti wa dada yake, ila mmoja aliiandika na mwenzake aliitamka tu barabarani.

Na hapa liko jambo la ajabu. Wosia ule wa Washington haukuwa na shahidi hata mmoja. Ukurasa mmoja haukuwa na sahihi yake, na katika kuandika mwaka alisahau neno la mwisho. Sheria ya Virginia iliukubali kwa kuwa wote ulikuwa kwa mwandiko wake. Watu watatu walisimama mbele ya mahakama ya Fairfax, Januari 1800, wakaapa kwamba mwandiko ule wanaujua. Lau karatasi zile zingeletwa katika mahakama ya mwanzo hapa Mpanda zipimwe kwa kanuni za 1963, zingekataliwa. Kwao uthabiti wa wosia waweza kukaa katika mkono wa mwenyewe. Kwetu hukaa katika nafsi za watu walioitwa wakasikia. Hata hivyo Washington naye alijua kwamba karatasi haitoshi, kwani aliagiza kwamba ikitokea hitilafu juu ya maneno yake, watu wasikimbilie mahakamani, bali kila upande uchague mtu mmoja mwadilifu, na hao wawili wamchague wa tatu, na neno la hao watatu liwe la mwisho. Mzee yeyote wa Kikonongo au wa Kipimbwe angelitambua baraza hilo.

Insafu yatutaka tuseme pia kwamba katika mali ya Washington walikuwamo watu. Alimiliki watumwa zaidi ya 120, na katika wosia huo aliagiza wapewe uhuru, lakini si kabla ya kifo cha mkewe. Ila mtumishi wake William Lee alimpa uhuru papo hapo pamoja na posho ya kila mwaka. Matokeo yake ni kwamba mjane alijikuta akiishi katikati ya watu ambao uhuru wao ulingoja kifo chake, na hakulivumilia hilo: aliwaacha huru tarehe 1 Januari 1801, na mwaka 1802 akafariki. Nasi katika vijiji vyetu tuna desturi njema ya kusema kwamba mjane akae katika nyumba maisha yake yote, kisha nyumba imwendee fulani. Desturi hiyo yafaa, lakini mwenye wosia amwangalie sana huyo fulani: asimweke mjane wake akae miaka na mtu anayehesabu siku zake. Ni heri kumpa huyo jamaa kitu kidogo cha kuanzia maisha sasa hivi kuliko kumpa kikubwa atakachokingoja kwa kuhesabu pumzi za mwingine.

Nimeeleza masharti ya mashahidi kwa urefu kwa sababu masharti hayo, ambayo kwingine ni mepesi, hapa Katavi yana uzito wa pekee. Wenyeji wa asili wa nchi hii, Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, waweza kumpata shahidi wa ukoo kwa kupiga hatua chache. Lakini wangapi kati yetu ni wenyeji wa asili? Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kuyafuata madini ya risasi, ikaleta vibarua wa makabila mengi, na mgodi ulipofungwa si wote waliorudi makwao. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, kisha Mishamo, na wengi wao pamoja na watoto wao sasa ni raia wa Tanzania. Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao, Waha wametoka Kigoma, Wafipa wameshuka kutoka Sumbawanga. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa huu ulipozaliwa kwa kumegwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Mkoa ulioongezeka zaidi ya maradufu kwa miaka kumi ni mkoa ambao watu wake wengi wana majirani hapa na ukoo kwingine.

Basi mtu aliyetoka Meatu au Kahama, akiugua ghafla katika kijiji kimoja huko Mpimbwe, atapata watu baki mia moja kabla ya kupata ndugu wawili. Majirani wema wataketi kando ya kitanda chake, watasikia kila neno, na siku ya hukumu wataambiwa kwamba ushahidi wao ni nusu tu ya ushahidi uliotakiwa. Dawa ya shida hii ni kutangulia. Ndugu hukutana katika harusi, katika kuanua matanga na katika sikukuu za dini. Mtu akiwa mzima wa afya, katika siku kama hizo ambapo ukoo umejumuika tayari, aombe nafasi ya saa mbili amalize jambo lake. Kama ukoo haujumuiki, amtumie nauli kaka yake au binamu yake. Nauli hiyo ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya shauri la mirathi litakalopanda kutoka mahakama ya mwanzo hadi ya wilaya hadi Mahakama Kuu, huku shamba likiota magugu.

Aidha, katika mkoa wa mchanganyiko kama huu, hata sheria itakayotumika si jambo la kubahatisha. Mahakama zetu, tangu shauri moja mashuhuri la mwaka 1969, hutazama maisha ya marehemu yalikuwaje: je, aliishi kwa mila za kabila lake, au alikwisha kuziacha? Je, alikuwa Mwislamu aliyefuata sharia katika mambo yake? Aliyeacha wosia amelijibu swali hilo mwenyewe. Aliyenyamaza amewaachia jamaa zake walibishanie.

Na kwa ndugu zetu Waislamu mambo yana utaratibu wake, na utaratibu huo una rehema ambayo wengi hawaitumii. Mafungu ya warithi yamefaradhishwa katika Kurani, wala mtu hawezi kuyabadili kwa wosia. Lakini theluthi ya mali, baada ya mazishi na madeni, imeachwa mkononi mwa mwenyewe aiusie kwa asiyekuwa mrithi. Mtazameni mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa kabla ya babu. Babu akifa na huku ameacha wana wengine wa kiume, mjukuu huyo hapati fungu, kwa kuwa ami zake wamemzuia. Misri iliona uzito wa jambo hili, na mwaka 1946 ikatunga sheria inayompa mjukuu wa namna hiyo haki katika theluthi hata kama babu hakuusia. Sisi hatuna sheria hiyo, basi babu mwenyewe ndiye sheria: theluthi iko, na yatima yuko, na kilichosalia ni babu kufungua kinywa mbele ya mashahidi waadilifu.

Labda msikilizaji mmoja ataniuliza: je, mwanamke akiachiwa ardhi kwa wosia, ardhi hiyo ni yake kweli, au amepewa kuilinda tu mpaka wanaume wa ukoo watakapoitaka? Swali hili liliulizwa mahakamani, tena na mtu wa Muleba, mkoani Kagera. Holaria Pastory aliachiwa na baba yake shamba la ukoo kwa wosia uliokuwa halali. Alipozeeka, akiwa hana wa kumtunza, aliliuza Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Na kesho yake mtoto wa nduguye akafungua shauri, akidai kwamba kwa mila za Wahaya shangazi yake hana ruhusa ya kuuza. Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi kijana, mahakama ya wilaya ikamrudishia ushindi shangazi, na mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba, kwa kuwa Katiba imekataza ubaguzi, haki ya mwanamke juu ya ardhi ya ukoo ni sawa na ya mwanamume. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, nayo ikasema kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Ikasema pia kwamba hakimiliki ya kimila yaweza kurithiwa na yaweza kuusiwa. Kwa hiyo zile ekari nne za kijitoni, akiachiwa binti wa dada, ni zake.

Lakini ardhi huonekana. Mali nyingine hazionekani. Mfugaji huweka ng'ombe watano kwa rafiki, kumi kwa shemeji, ili ugonjwa usije ukawamaliza wote zizini kwake. Mkulima ana fedha katika chama cha msingi na deni la mbolea katika chama hicho hicho. Mwingine amelipa nusu ya bei ya kiwanja Mpanda mjini na nusu ya pili hajailipa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye wosia aandike vitu vyake, viko wapi na kwa nani, na madeni yake pia, maana madeni hulipwa kwanza kabla ya mrithi yeyote hajapata kitu. Karatasi yenyewe isifichwe chini ya godoro: yaweza kuwekwa kwa kiongozi wa dini, kwa rafiki mwaminifu, au katika ofisi za RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambazo huhifadhi wosia za watu. Na atajwe msimamizi, ili siku ukoo utakapokaa kikao na kupeleka muhtasari mahakama ya mwanzo, jina liwe limekwisha kupendekezwa na mwenyewe.

Wasikilizaji wangu, nikiyatazama masharti haya yote kwa pamoja, mashahidi wa ukoo na watu baki, mke kuwapo, sababu kutajwa, anayenyimwa kusikilizwa, naona kwamba yanamtaka mwenye mali jambo moja: aseme mbele ya watu lile analolisema moyoni. Nalo ni jambo gumu. Ni rahisi kumnong'oneza mpwa kwamba shamba ni lako. Ni vigumu kuwaita wanao kutoka Mwanza na Dar es Salaam, ukawaambia ana kwa ana kwamba ekari nne haziwi zao, na kwa nini. Watu wengi huahirisha wosia kwa kuogopa mazungumzo hayo kuliko wanavyokiogopa kifo, kisha huyaacha yafanywe na mpwa mnyonge peke yake, mbele ya watu wenye uchungu, wakati yeye aliyekuwa na neno la kuwanyamazisha amekwisha kuzikwa.

Basi ukitaka kujua kama wosia wako ni wa haki, jaribu kuutamka mbele ya yule utakayemuudhi. Ukiweza, uandike, mashahidi watie sahihi, na asiyeridhika akusemeshe wewe ungali hai wa kumjibu. Usipoweza, urudie tena kuufikiri, kwani huenda kuna dhuluma ndani yake, au huenda kinachokuzuia ni woga tu. Na katika hali zote mbili mwenye kulirekebisha jambo hilo ni wewe, tena ni sasa.